Kipaji ni Amana ya Nani?

Julai 1979 Ken Dryden alitangaza kwamba hatacheza tena. Alikuwa na umri wa miaka 31. Wiki chache kabla ya hapo timu yake, Montreal Canadiens, ilikuwa imetwaa Kombe la Stanley kwa mara ya nne mfululizo, na yeye ndiye aliyesimama golini. Hakuna klabu iliyomfukuza, hakuna goti lililovunjika, wala hapakuwa na kijana wa akiba aliyekuwa akimpumulia kisogoni. Aliondoka akiwa kipa bora wa ligi kubwa kuliko zote za hoki ya barafuni duniani, akaenda kutafuta kazi nyingine.

Mpanda ngazi hushuka, na wanamichezo wengi hushushwa. Dryden alishuka mwenyewe, tena kutoka kipago cha juu kabisa, na uamuzi wake unaibua swali kongwe kuliko mchezo aliouacha: aliyejaliwa kitu adimu ana ruhusa ya kukiweka chini?

Wahubiri wa Kikristo wamelijibu kwa karne nyingi kwa mfano wa talanta ulio katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Mtumwa aliyefukia fedha ya bwana wake ardhini alinyang'anywa hata hiyo aliyokuwa nayo, akatupwa nje gizani. Immanuel Kant, mwaka 1785, alifika karibu na hapo kwa njia ya akili tupu: mtu mwenye vipawa anayeviacha vishike kutu kwa kupenda starehe hawezi kutaka mwenendo wake uwe sheria ya wanadamu wote. Waislamu nao wana amana. Sura ya Al-Ahzab inasimulia kwamba mbingu, ardhi na milima vilipewa amana vikaogopa kuibeba, na mwanadamu akaibeba. Wafasiri wametofautiana kuhusu amana hiyo ni nini hasa, lakini funzo linalotolewa madrasani kila siku halina utata: ulicho nacho umeshikishwa tu, na utaulizwa ulikitumiaje.

Kwa kusikiliza haraka, wote watatu wanamhukumu Dryden. Kipawa alikuwa nacho, muda alikuwa nao, watu walikuwa wakimhitaji. Aliacha. Lakini maisha yake, yakisomwa kwa utulivu tangu mwanzo, yanalazimisha swali hilo kuulizwa upya.

Alizaliwa Hamilton, Ontario, Agosti 1947, akakulia Etobicoke, kando ya Toronto. Baba yake, Murray Dryden, alisakafia uwanja wa nyuma ya nyumba na kuweka magoli ili watoto wa mtaa wacheze, na humo ndimo Ken na kaka yake Dave walimojifunza ukipa. Wote wawili walifika NHL, ile ligi kubwa ya hoki. Machi 20, 1971, Montreal ilipokutana na Buffalo, ndugu hao wakawa makipa wa kwanza wa tumbo moja kukabiliana katika mechi ya ligi hiyo.

Msomaji asiyeujua mchezo huu aufikirie hivi: wachezaji sita kila upande wamevaa viatu vya chuma chembamba na kuteleza juu ya barafu, wakikimbizana na kisahani cha mpira mgumu ambacho kikipigwa sawasawa huruka kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Wapo Wakenya wanaoujua kwa miguu yao wenyewe, kwani timu ya Ice Lions ilijijenga Nairobi, kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa. Kazi ya kipa ni kujitia katika njia ya kisahani hicho. Dryden alikuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 190, na mchezo uliposimama alikuwa akiegemeza mikono na kidevu juu ya ncha ya gongo lake na kutazama uwanja. Picha hiyo ndiyo Wakanada wengi wanayo vichwani mwao hadi leo. Anaonekana humo kama mtu anayesoma.

Na kweli alikuwa msomaji. Mwaka 1964 Boston Bruins walimchagua katika mgao wa vijana, kisha haki zake zikahamishiwa Montreal muda mfupi baadaye. Njia ya kawaida kwa kijana wa Kanada ilikuwa kuingia katika ligi za vijana, kucheza mechi nyingi kwa msimu, na kuipa shule muda uliosalia. Yeye alivuka mpaka akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, kusoma historia. Wakati ule hatua hiyo ilihesabiwa kama kujipunguzia nafasi, kwa sababu wakuu wa NHL hawakuwa na imani kubwa na wachezaji wa vyuoni.

Akiwa Cornell, chini ya kocha Ned Harkness, alicheza misimu mitatu, maana wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kuu. Katika misimu hiyo alishinda mechi 76, akafungwa 4, akatoka sare 1. Mwaka 1967 Cornell iliifunga Boston University mabao 4 kwa 1 ikawa bingwa wa vyuo vya Marekani kwa mara ya kwanza. Kila mwaka kati ya ile mitatu alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo nchini humo. Mechi yake ya mwisho, fainali ya 1969 dhidi ya Denver, alipoteza 4 kwa 3. Kwa takwimu hizo peke yake angekuwa mtu wa kukumbukwa. Yeye aliondoka chuoni na shahada, kisha akajiandikisha kusoma sheria Chuo Kikuu cha McGill, Montreal.

Yaliyofuata yangeonekana ya kutungwa kama hayangekuwa kwenye kumbukumbu za ligi. Machi 1971, akiwa bado mwanafunzi wa sheria, aliitwa kwenye kikosi cha Canadiens na kucheza mechi 6 tu za msimu. Mtoano ulipoanza, kocha alimpa goli. Mbele yake walisimama Boston, mabingwa watetezi: Phil Esposito alikuwa amefunga mabao 76 msimu huo, idadi ambayo ligi haikuwahi kuiona, na Bobby Orr alikuwa beki asiye na mfano. Montreal ikawatoa katika mechi saba. Mei 18 ikaifunga Chicago na kubeba kombe, na mwanafunzi huyo akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Mwaka uliofuata alipata pia tuzo ya mchezaji bora chipukizi, kwa sababu kwa kanuni za ligi bado alihesabiwa mgeni.

Kiangazi cha 1971, kombe likiwa bado jipya mikononi, alikwenda Washington kufanya kazi na Ralph Nader, mwanasheria mtetezi wa walaji, katika mradi uliowahusu wavuvi na uchafuzi wa maji. Jambo hili hutajwa kwa pupa katika wasifu wake, ilhali ndilo linalofungua mlango wa mengine yote. Kijana wa miaka 23, shujaa wa mji unaoupenda mchezo huu karibu kwa ibada, hakungoja kustaafu ndipo aulize kama kuna kitu kingine kinachomdai.

Hapa inafaa kumleta mwingine, kwa sababu mchezo wa vyuoni Marekani umemweka mbele ya vijana wake kama kielelezo. Tuzo anayopewa kila mwaka, tangu 1981, mchezaji bora wa hoki ya vyuo vikuu inaitwa kwa jina la Hobey Baker. Alisoma Princeton, akamaliza 1914, akiwa nahodha wa hoki na wa mpira wa Kimarekani pia. F. Scott Fitzgerald, aliyeingia chuo hicho 1913, alimhusudu. Baada ya chuo Baker alipata kazi katika benki ya J.P. Morgan, New York. Dawati lilimchosha. Jioni alicheza hoki ya ridhaa, watu wakijaa kumtazama, na kucheza kwa malipo hakutaka, kwa sababu watu wa tabaka lake waliona fedha zinauchafua mchezo. Akajifunza kurusha ndege, akaenda vitani Ufaransa. Kikosi alichokiongoza kilipaka ndege zake rangi za Princeton, chungwa na nyeusi. Desemba 21, 1918, zaidi ya mwezi mmoja baada ya silaha kuwekwa chini, akiwa tayari ameruhusiwa kurudi nyumbani, aliomba kuruka mara moja zaidi pale Toul. Injini ilizimika, ndege ikaanguka, akafa na miaka 26.

Wengi wamejiuliza kama alitaka kufa. Hilo anajua Mungu, na si haki kumzulia marehemu nia. Kinachoonekana bila kubahatisha ni kwamba maisha yake baada ya chuo yalikuwa kutafuta tena kitu kile kile alichokipata uwanjani akiwa na miaka 20, kwanza jioni kwenye barafu, halafu angani. Benki ilimpa mshahara, lakini ndani yake hakuona la kupenda. Kumlaumu si haki. Malezi ya tabaka lake yalimfunza kwamba mchezo ndio uungwana na kazi ni ya kuvumilia.

Tukiurudia mfano wa Mathayo tukiwa na watu hawa wawili mkononi, neno moja lililopitwa na wahubiri wengi linajitokeza. Mtumwa wa tatu alipoulizwa kwa nini alifukia fedha, alijibu kwamba aliogopa. Kosa lake lilianza na hofu: alishika alichopewa jinsi kilivyo, akakilinda kisipungue, akakirudisha kilivyokuwa. Mwanamichezo anayeng'ang'ania uwanja mwaka baada ya mwaka kwa sababu hajui atakuwa nani akiuacha anafanana na mtumwa huyo kuliko yule anayeondoka. Kuna kufukia kipaji kwa kukikalia. Na Kant, akisomwa kwa makini, analaumu kuacha vipawa kwa ajili ya starehe. Anavitaja kwa wingi, tena kama nyenzo za malengo ya kila namna. Dryden hakutoka kazini kwenda starehe. Alikuwa na vipawa zaidi ya kimoja, na kimoja kilikuwa kimekula miaka ya vingine.

Haya yangekuwa rahisi kama kuondoka kwake hakungemgharimu mtu. Mwaka 1973, kabla ya msimu kuanza, aliwahi kuondoka mara ya kwanza, na sababu haikuwa ya kifalsafa. Ligi mpya ya WHA, iliyoanza 1972, ilikuwa imepandisha mishahara, naye aliona analipwa chini ya makipa wasiomfikia. Klabu ilikataa kuubadilisha mkataba. Akaenda Toronto kufanya mafunzo ya uanasheria katika kampuni ya mawakili kwa ujira wa karani, chini ya dola 150 kwa wiki. Msimu uliotangulia Montreal ilikuwa imefungwa mabao 184. Bila yeye ilifungwa 240 na kutolewa na New York Rangers katika raundi ya kwanza. Wachezaji wenzake hawakuwa upande wowote wa ugomvi ule wa fedha, lakini ndio waliopoteza mwaka. Aliporudi, yalifuata makombe ya 1976, 1977, 1978 na 1979. Katika msimu wa 1976-77 walifungwa mechi 8 tu kati ya 80. Alipoondoka moja kwa moja, wakaondoka pia kocha Scotty Bowman na wachezaji kama Jacques Lemaire na Yvan Cournoyer, na mwaka 1980 Minnesota ikakata mfululizo ule kwenye robo fainali.

Basi wapo waliodhurika, na mtu mwaminifu hawezi kuliruka jambo hilo. Sura ya An-Nisaa inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Ugumu wote uko hapo: mwenyewe ni nani? Shabiki aliyekata tiketi anaamini ni yeye. Mwenye klabu ana karatasi iliyosainiwa. Wenzake wana haki ya jasho la pamoja, na hiyo ndiyo haki nzito kuliko zote tatu. Hata hivyo kila mojawapo ina kikomo. Tiketi ni ya jioni moja, mkataba una tarehe, na wenzake, ambao nao wangeuzwa au kustaafu wakati wowote, walimdai juhudi yote siku alizokuwa nao, si maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kusema Dryden alicheza nusu nusu. Alipoiweka amana ile chini ilikuwa imelipwa: mechi 397, ushindi 258, vipigo 57, makombe sita.

Lakini pia hakuwa na sifa zote peke yake. Aliweza kuondoka kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda. Ile njia ya Cornell, iliyoonekana ya hasara 1965, ndiyo iliyompa uhuru wa 1979. Kijana aliyeacha darasa akiwa na miaka 16 ili aishi kwa familia za wenyeji katika mji wa ligi ya vijana, akifika miaka 31 ana viungo vinavyouma na hana cheti. Kumwambia huyo kwamba kipaji si bwana wake ni maneno ya mtu aliyeshiba. Uhuru wa kuacha hujengwa miaka mingi kabla ya siku ya kuacha, na kwa kawaida hujengwa na wazazi, walimu na vyuo kuliko na mchezaji mwenyewe.

Kwa Dryden ulijengwa pia na baba yake, ambaye hakuwahi kuwa kipa wa mtu. Mwaka 1970, mwaka mmoja kabla mwanawe hajawa maarufu, Murray Dryden na mkewe Margaret walianzisha shirika dogo la kuwapa watoto maskini vifaa vya kulalia, kuanzia India. Leo shirika hilo, Sleeping Children Around the World, limevuka watoto milioni moja, na miongoni mwao wapo wa Tanzania, Kenya na Uganda, waliopewa godoro au mkeka, shuka, chandarua na vitu vya shule, vingi vikiwa vimetengenezwa katika nchi zao. Dave, yule kaka kipa, aliliongoza kwa miaka mingi hadi uzeeni. Katika nyumba ile kipaji kilikuwa jambo zuri, lakini deni kwa watu wengine lilikuwepo tayari kabla ya kipaji, na lingekuwepo hata kama kisingekuja.

Kwa hiyo miaka 46 iliyobaki ya Ken Dryden haikuwa mkia wa hadithi. Kitabu chake kuhusu maisha ya mchezo, kilichotoka 1983, kinahesabiwa na wengi kuwa bora kuliko vyote vilivyoandikwa juu ya hoki. Aliwahi kuwa kamishna wa vijana wa Ontario. Katika miaka ya 1990 alikaa mwaka mzima wa masomo kwenye viti vya nyuma vya madarasa ya shule moja ya sekondari, akitazama walimu na wanafunzi, akaandika alichokiona. Alikuwa rais wa Toronto Maple Leafs kuanzia 1997. Mwaka 2023 alitoa kitabu kuhusu wanafunzi 35 waliochaguliwa pamoja naye kwa mtihani mwaka 1960 kuunda darasa moja, akiwatafuta mmoja mmoja na kuwauliza maisha yaliwapeleka wapi.

Mwaka 2004 alichaguliwa mbunge wa Toronto na kufanywa waziri wa maendeleo ya jamii katika serikali ya Paul Martin. Alizunguka nchi akijadiliana na serikali za majimbo, moja baada ya nyingine, kuhusu malezi ya watoto wadogo ambao wazazi wao wako kazini. Kufikia mwishoni mwa 2005 majimbo yote 10 yalikuwa yamekubali mpango wa dola bilioni 5 kwa miaka mitano. Serikali ikaanguka Novemba ya mwaka huo huo. Wahafidhina wakashinda uchaguzi wa Januari 2006, wakafuta makubaliano yale, wakawapa wazazi dola 100 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita. Kipa aliyezoea kujua matokeo baada ya dakika 60 aliona kazi ya miezi mingi ikifutwa na watu wasiomfunga bao lolote. Mwaka 2011 alipoteza pia kiti chake. Ndipo mwaka 2021 serikali nyingine ikatenga dola bilioni 30 kwa mpango wa taifa wa malezi ya watoto, wenye lengo la kushusha ada hadi wastani wa dola 10 kwa siku. Hakukuwa na kombe la kumpa mtu kwa hilo, na asingeweza kudai kwamba ni lake.

Kazi iliyomkalia moyoni mwishoni ilimrudisha kwenye barafu. Steve Montador alikuwa beki wa kawaida, mtu wa kujituma, aliyepita katika timu sita za NHL. Alipigwa kichwani mara nyingi. Alifariki Februari 2015 akiwa na miaka 35, na ubongo wake ulipopimwa ulikutwa na ugonjwa unaotokana na mapigo ya kurudiarudia. Huyu hakupata nafasi ya kuchagua siku ya kuondoka. Dryden aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka 2017, akakipeleka mwenyewe kwa kamishna wa ligi, Gary Bettman. Hakuwa akiomba utafiti zaidi. Aliomba sheria moja: kila pigo linalofika kichwani liadhibiwe, la makusudi au la bahati mbaya, kwa sababu ubongo hautofautishi.

Jina lake, jezi namba 29 iliyotundikwa juu ya uwanja wa Montreal, na shahada yake ya sheria, vyote alivitumia katika ombi hilo kwa miaka minane, akiandika, akihojiwa, akirudia hoja ile ile kwa subira. Alifariki kwa saratani Septemba 5, 2025, akiwa na miaka 78. NHL ilikuwa bado haijaipitisha sheria hiyo.